Dirisha la Upande wa Kushoto

Kabla ya kuwasha mashine, Mildred Nanzala anatabasamu.

Hatabasamu kwa mtu. Kioo kidogo cha kunyolea kinaning'inia kwenye msumari kando ya swichi ya stima, naye amesimama mbele yake, shuka bado mabegani kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Anavuta midomo mpaka meno yaonekane. Anaangalia pembe ya kushoto ya mdomo, kisha ya kulia. Anainua nyusi. Anafumba jicho moja, halafu la pili. Vyote vikimtii, anashusha pumzi, anakifunika kioo kwa kitambaa ili kisijae unga, na kuwasha.

"Mama Byron, siku hizi unajipenda!" anaita mwanamke aliyefika dirishani na ndoo ya mahindi. "Umetupatia baba mpya hujatuambia?"

Mildred, ambaye ni mjane, hajibu. Angejibu, na kwa maneno makali zaidi ya hayo, kama angesikia. Lakini dirisha la kupokelea mahindi liko upande wake wa kulia, na upande wa kulia wa Mildred haujasikia kitu tangu mwaka jana.

Ana miaka hamsini na minane. Kisiagi chake, anakosagia watu mahindi, ni chumba cha mabati mtaani Kapsoya, mashariki mwa mji wa Eldoret. Jumanne ijayo ataingia chumba cha upasuaji katika hospitali kubwa mjini ili aondolewe saratani iliyoota ndani ya tundu la sikio. Daktari amemweleza kwamba mshipa unaoendesha uso unapita karibu sana na mahali hapo.

"Ugonjwa ukifika kwa huo mshipa, uso unaanguka upande mmoja," anasema Mildred, akionyesha kwa kidole mahali chini ya sikio bila kupagusa. "Hata kisu kikiugusa, ni hivyo hivyo. Sasa kila asubuhi naangalia kama bado niko."

*

Sikio hilo lina historia ndefu. Mildred alizaliwa karibu na Webuye, na tangu alipokuwa shule ya msingi sikio la kulia lilikuwa likitoa maji kila mvua za masika zilipokaribia. Mama yake aliyapangusa kwa unyoya wa kuku uliochovywa kwenye mafuta ya uvuguvugu. Nyumbani walilipa jina: sikio la mvua.

Alipoolewa na kuhamia Eldoret, jina lilimfuata. Alipoanza kazi ya kisiagi, wateja walilijua. Wakulima waliokuja na magunia kutoka pande za Moiben walizoea kumwuliza wakicheka, lakini wakisubiri jibu.

"Mama Byron, sikio linasemaje? Tupande?"

"Bado. Likianza kulia nitawaambia."

Mwaka jana, mwezi wa pili, lilianza kulia. Kapsoya nzima ilikuwa vumbi. Mildred alijipangusa kwa pamba, akawaambia wateja wake mvua iko njiani. Simeon, fundi wa mabati mwenye kipande cha shamba Moiben, alimwamini akatia mbegu ardhini ikiwa kavu. Mvua haikuja mpaka mwezi wa nne. Ndege na panya wa shamba walikuwa wamemaliza kazi.

"Huyu alinikosanisha na mke wangu," anasema Simeon. "Nikaja hapa nikamwambia, Mama, sikio lako limekuwa kama watu wa hali ya hewa."

Walicheka sana siku hiyo. Mildred anakikumbuka kicheko hicho kuliko kitu kingine chochote cha mwaka ule.

"Sikio lilikuwa linatoa maji wakati wa kiangazi, na sisi tunacheka," anasema. "Hakuna aliyeuliza ni maji ya nini."

*

Wanaofanya kazi ya kisiagi huziba masikio kwa pamba, kwa ajili ya kelele na vumbi la unga. Kwa hiyo pamba sikioni mwa Mildred haikumshangaza mtu. Aliibadilisha asubuhi, baadaye asubuhi na jioni, baadaye kila alipozima mashine. Harufu ilipoanza, alivaa leso na kuifunga chini hadi shingoni.

Mwenye duka la dawa alimpa matone. Alipomweleza tena kwamba hayasaidii, alimpa mengine, akimtania.

"Hii kitu ni ya watoto, Mama. Wewe umeitoa wapi na umri huo?"

Maneno yale yalimwingia. Akaona haya, kana kwamba mtu mzima kutokwa na usaha ni sawa na mtu mzima kukojoa kitandani. Aliacha kwenda dukani. Akaenda kwa jirani yake, Joy, aliyekuwa akinyonyesha, kwa sababu alikumbuka wazee wa kwao wakisema maziwa ya mama hutuliza sikio.

Joy anasimulia akificha uso kwa kiganja.

"Alikuja na kijiko. Nikamwuliza, Mama, unataka kunyonya tena? Akasema, 'Nyamaza, wewe kamua tu, mtoto atabaki na yake.' Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Nilimtilia matone matatu hivi. Halafu nikaona yanatoka yakiwa ya waridi."

Mildred alimwambia ni rangi ya leso.

Maumivu yalikuja baadaye. Anayaeleza kama jino lililohamia mahali pasipo pake. Alilalia upande wa kushoto, na hapo ndipo alipogundua kwamba akilalia sikio hilo zima, nyumba yote hunyamaza: mbwa, mvua kwenye bati, simu ya mwanawe Byron, ambaye ni mpishi katika kambi ya wanariadha kule Kaptagat. Sikio la pili lilikuwa limezimika bila kuaga.

Katika kisiagi, watu walianza kusema ana maringo.

"Mteja anasimama hapa kwa dirisha anasema, 'Mama, saga laini,' mimi nasaga ya kawaida. Anasema, 'Mama, chenji,' mimi naangalia mashine. Wengine walihamia kisiagi cha kule juu." Siku nzuri, baada ya kutoa pesa ya stima, humbakishia kama shilingi mia nane. Siku hizo nzuri zilipungua.

*

Mwezi wa tatu mwaka huu, Byron alimpeleka zahanati, na zahanati ikamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Byron alimwacha kwenye benchi akarudi kazini. Mildred aliingia kwa daktari peke yake.

Kiti cha mgonjwa kilikuwa kimewekwa kando ya meza, na anayekaa pale humpa daktari sikio la kulia. Nje watoto walikuwa wakilia. Daktari alimchunguza kwa taa, akaketi, akaanza kueleza kwa upole huku akiandika. Mildred alifanya kile anachofanya kila mtu aliyeanza kupoteza masikio. Aliitikia kwa kichwa. Alisema ndiyo.

Kati ya maneno yote, mawili yalimfikia.

"Nilisikia *tutakata*. Halafu nikasikia *sikio*."

Daktari alisema wangekata kipande kidogo cha nyama ndani ya sikio na kukipeleka kupimwa. Hayo Mildred aliyajua baadaye sana. Siku ile aliitikia ndiyo, akashukuru, akachukua karatasi yake, akapita benchi, akapita lango, akatembea kwa miguu mpaka Kapsoya akiwa ameshika sikio kwa mkono kama mtu aliyeibiwa na kunusurika.

"Niliona nikiwa nimesimama kanisani bila sikio. Niliona leso haikai. Vitu vya ujinga tu, lakini ndivyo niliviona."

Byron alipopiga simu jioni, alimwambia daktari amesema arudi mvua zikiisha.

Mahindi yalipandwa Moiben. Yakaota, yakapaliliwa, yakafika magotini, yakafika kifuani. Mildred alisaga mahindi ya zamani ya watu na kubadilisha pamba.

*

Aliyemrudisha hospitalini ni Gathogo.

Gathogo alikuwa na duka upande wa pili wa barabara. Alikuja Eldoret kutoka Nyandarua akiwa kijana, akauza misumari, mafuta ya taa na chakula cha kuku mpaka alipofika miaka sitini na sita. Kwa muda mrefu alikuwa akitembea na bandeji kubwa sikioni, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea. Watu wa mtaa walisema amepigwa na upepo. Watoto walimwogopa, naye aliwatisha zaidi kwa kuwakonyeza kwa jicho lisilofunga.

Siku moja alileta mahindi yaliyovunjika yasagwe kwa ajili ya kuku wake. Mildred alipoinama kumwaga ndoo, pamba ilimtoka sikioni ikaanguka kwenye ubao wa dirisha, mbele ya Gathogo. Ilikuwa nyekundu.

Alijaribu kuifunika kwa mkono. Gathogo aliutoa mkono wake, taratibu.

Wote wawili wanaosimulia mazungumzo hayo, Mildred na Joy aliyekuwa kwenye foleni, wanayasimulia kwa namna moja. Gathogo alizunguka akaingia mlangoni, akazima mashine mwenyewe, akaenda kusimama upande wa kushoto wa Mildred. Alijua upande wa kusimama.

"Umeona daktari?"

"Nimeona."

"Akasema?"

"Anataka kukata sikio."

Gathogo alicheka, nusu ya mdomo ikicheka na nusu ikibaki pale pale.

"Wee, Mama Byron. Nani alikudanganya? Wanakata kipande kama punje ya mahindi, wanaenda kukiangalia kwa mashine. Mimi walikata. Sikio si hili hapa?" Akafungua bandeji mbele ya watu. "Lishike."

"Siwezi."

"Lishike, halina meno."

Alilishika. Lilikuwa na joto, anasema, na lilikuwa sikio la kawaida la mzee, lenye nywele.

"Mimi nilikaa na dawa ya dukani miaka miwili," Gathogo alimwambia. "Nikienda dukani naambiwa ni uchafu tu, ni ugonjwa wa mtoto. Walipokata hiyo punje, mambo yalikuwa yameingia ndani sana. Sasa mimi nangoja. Wewe usingoje na mimi, hatujafunga ndoa."

Joy anasema foleni nzima ilicheka, na Mildred akakaa juu ya gunia akalia.

*

Dkt Cherono, daktari wa masikio, pua na koo anayemtibu Mildred sasa, huanza na swali moja kabla ya mengine yote: "Sikio gani linasikia?" Kisha husogeza kiti.

Alikubali kuzungumza kuhusu ugonjwa huo kwa idhini ya Mildred.

"Ni wa nadra sana. Daktari wa masikio anaweza kumaliza mwaka akaona wachache mno wa aina hii. Wengi wanaougua wamevuka miaka hamsini na tano, sitini. Ule wa ngozi ya nje ya sikio, unaotokana na jua, huwapata wanaume zaidi, na watu wenye ualbino huupata mapema, wakiwa bado vijana. Lakini huu wa ndani ya tundu hauchagui sana. Mwanamume, mwanamke, ni karibu sawa. Kwa mtoto ni nadra zaidi, na akiupata kwa kawaida huwa wa aina nyingine kabisa."

Anasema sikio ambalo limetoa usaha kwa miaka mingi linahitaji kuangaliwa kwa makini, hasa tabia yake inapobadilika: damu, maumivu yasiyoachilia hata wakati wa kulala, kusikia kunakopotea, uso unaolegea.

"Tatizo ni kwamba usaha wa sikio tumeuzoea kwa watoto. Mtu mzima akiwa nao, yeye anaona aibu, na jirani anaona mchezo. Na yule ambaye sikio lake limemsumbua tangu utoto ndiye wa mwisho kushtuka. Analijua sikio lake. Anadhani analijua."

Kwa Mildred, jambo lililomshangaza ni lingine.

"Mimi nilipimwa titi. Nikapimwa mlango wa uzazi, tulienda na akina mama wa kanisa, tukaimba njiani. Nikafikiri nimemaliza kansa za wanawake. Ya sikio niliiona kwa Gathogo, mwanamume, mzee kuliko mimi. Nikajiambia hii ni yake."

Walipokata ile punje mwishoni mwa mwezi wa sita, Byron alikaa upande wake wa kushoto na kumrudia kila neno. Majibu yalipotoka ilikuwa hivyo hivyo. Daktari alisema, Byron akanyamaza kwanza, halafu akarudia. Mildred anasema alijua kutokana na kule kunyamaza.

Picha za ndani ya kichwa zinaonyesha mshipa wa uso bado haujafikiwa. Lakini daktari amemwambia wazi kwamba picha haioni kila kitu. Wataondoa tundu lote la sikio na ngoma yake. Sikio la nje wanatumaini litabaki. Kusikia kwa upande huo hakutarudi. Kisha itakuwa mionzi.

*

Gathogo alifariki mwezi wa saba. Alikuwa ameacha kula, kisha ameacha kuzungumza, na mwishoni jicho lake lisilofunga lilikuwa likifunikwa kwa kitambaa kibichi.

Mildred alienda kumwona mara ya mwisho wiki moja kabla. Alirudi akasimama mbele ya kioo cha kunyolea alichokuwa amenunua dukani kwake. Ndipo desturi ya asubuhi ilipoanza.

Mjane wa Gathogo, Warigia, bado anafungua duka. Misumari bado imepangwa kwa mikebe ya rangi, kila mkebe na msumari mmoja umefungwa nje kwa waya kuonyesha ukubwa, kama mumewe alivyoiacha. Hakutaka kuzungumza mengi.

"Watu wanasema marehemu, marehemu, mpaka jina linapotea," alisema, akimpimia mtoto mafuta ya taa. "Wewe andika Gathogo. Andika alipenda kusumbua watu."

Alipoulizwa kuhusu Mildred, alimrudishia kwanza mtoto chupa yake.

"Namwona asubuhi akienda kufungua. Namwangalia uso kabla sijamsalimu. Mungu anisamehe, lakini naangalia."

*

Hofu ya Mildred haijifichi. Anaizungumzia huku akifagia, akijaza, akipima kwa mkebe wa gorogoro. Anaogopa kulala asijue kama ataamka. Anaogopa zaidi kuamka. Anaogopa siku ya kwanza watakapomletea kioo, na ameshamwambia Byron asikilete mpaka akiombe mwenyewe. Wiki hii, akinywa chai, tone lilimdondoka kidevuni upande wa kulia. Aliweka kikombe chini, akaenda kwenye kioo, akatabasamu mara nyingi mpaka mashavu yakauma. Mdomo ulipanda sawasawa. Ilikuwa chai ya moto tu.

"Lakini akili ilibaki kwenye kioo mpaka jioni," anasema. "Nilisagia mtu unga wa uji badala ya ugali."

Kuna jambo moja tu ambalo amelipanga, na analizungumzia kwa sauti tofauti. Anataka kurudi kusaga. Na akirudi, hataki tena kuitwa mwenye maringo. Mashine iko mbele yake, hiyo ataijua kwa mkono akiigusa mwilini, inavyotetemeka. Watu ndio anaotaka kuwasikia. Kwa hiyo dirisha la kulia litazibwa, na lingine litakatwa kwenye ukuta wa kushoto, unaotazama njia.

Jumamosi alasiri Simeon amekuja na mkasi wa bati na kipande cha chaki. Amechora mstatili ukutani, kwa nje. Amepima mara mbili. Sasa anasitasita.

"Mama, si tungoje urudi?" anamwuliza kupitia dirisha la zamani. "Hujui utarudi vipi. Hii bati nikishaitoboa, imetobolewa."

Mildred anaendelea kufagia. Hajamsikia.

Simeon anakumbuka. Anazunguka chumba, anaingia mlangoni, anasimama upande wa kushoto wa Mildred, mahali Gathogo aliposimama, na kurudia maneno yake yote tangu mwanzo.

Mildred anaegemeza ufagio. Anautazama ukuta, mahali ambapo mwanga wa jua unapenya katika matundu ya misumari ya zamani, ndani ya mstatili uliochorwa kwa nje.

"Nikingoja nirudi, nimesema labda," anajibu. "Sitaki kuenda huko na labda."

"Kwa hivyo nikate?"

Anageuza kichwa kidogo, sikio la kushoto mbele, kama anavyofanya sasa kwa kila mtu.

"Sema tena."

"Nikate, Mama?"

"Nimekusikia vizuri," anasema Mildred Nanzala. "Kata."